Mpende kwa Macho Kwanza

Hii ni hotuba kuhusu ufugaji wa vinyonga, niliyoitoa kwenye mkutano wa wafugaji wa wanyama watambaao. Naiweka hapa yote kwa ajili ya wenzetu walioshindwa kufika. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha, ila maneno ni yaleyale.

Ndugu zangu, wafugaji wenzangu, wazazi, na nyinyi watoto mliokaa mbele kabisa: hamjambo?

Nataka kuanza na makofi. Sisemi mnipigie mimi. Nataka niwasimulie makofi tuliyopiga siku moja nyumbani kwangu, ambayo hadi leo nikiyakumbuka moyo unaniuma.

Siku nilipomleta kinyonga wangu wa kwanza, dume changa la kinyonga wa Yemen, nyumba nzima ilikusanyika. Kila mtu alitaka kumshika. Akapita mkono kwa mkono: kwangu, kwa mke wangu, kwa watoto, kwa majirani. Alikuja akiwa kijani kama jani jipya. Alipofika mkono wa nne au wa tano akaanza kutoka madoa, madoa yakakolea, kisha akawa mweusi karibu mwili mzima. Nasi tukapiga makofi. "Amebadilika! Amebadilika!" Tulidhani anatuonyesha ufundi wake.

Ndugu zangu, tulikuwa tunapigia makofi hofu. Mnyama yule alikuwa anapiga yowe kwa njia pekee aliyopewa, nasi tukamshangilia. Aliishi wiki tano.

Leo nimekuja na neno moja, na mtanisikia nikilirudia mpaka mlichoke: kinyonga hupendwa kwa macho kwanza. Mikono baadaye. Pengine mikono isifike kabisa, na bado ukawa umempenda vizuri.

Tuanze na hiyo rangi. Ni wangapi hapa wameambiwa kwamba kinyonga hugeuka ili afanane na alipokaa, kwamba ukimweka juu ya kitambaa chekundu atakuwa mwekundu? Naona mikono mingi. Hafanyi hivyo. Ni kweli rangi yake ya kawaida humficha majanini, lakini mageuzi mengi tunayoyaona yanatokana na joto la mwili na hali ya nafsi: hofu, hasira, dume kuona jike, kuota jua. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha namna inavyotokea kwa kinyonga wa Madagaska, yule anayeitwa Furcifer pardalis. Ndani ya chembe za ngozi yake mna fuwele ndogo mno zilizojipanga. Akiwa ametulia, fuwele hukaribiana na kurudisha mwanga wa bluu, na bluu hiyo ikichanganyika na umanjano wa ngozi tunaona kijani. Akichemka, fuwele huachana, na rangi inaelekea njano na nyekundu. Weusi nao una njia yake, kwa kutandaza rangi nyeusi iliyomo kwenye chembe nyingine.

Kwa nini nawapa somo hili refu? Kwa sababu ngozi ile ni barua, na mwenye kinyonga lazima ajifunze kuisoma. Mweusi asubuhi chini ya taa, ubavu mmoja kautandaza kuelekea joto: huyo anaota tu, ataangaza baadaye. Mweusi saa nane mchana, kajibana nyuma ya tawi, kajifanya bapa kama jani: huyo anakuambia kuna jambo. Litafute.

Dada mmoja mfugaji mwenzetu alinipigia simu, kinyonga wake anakuwa mweusi kila siku alasiri, anafura na kufungua mdomo. Asubuhi mzima, usiku analala vizuri. Taa zilikuwa sawa, maji sawa, chakula sawa. Nikaenda, nikakaa kimya kwenye kiti mbele ya kizimba kuanzia mchana. Ilipofika alasiri jua likaingia dirishani, likapiga kioo cha kabati la vyombo lililokuwa upande wa pili wa chumba, na mle kiooni akatokea kinyonga mwingine. Mnyama yule alikuwa anapigana na kivuli chake kila siku ya maisha yake! Tukasogeza kabati. Kesho yake alasiri alikuwa kijani.

Vinyonga hawa tunaowafuga ni wapweke. Hawahitaji mwenzao, hata mumtafutie kwa huruma. Wawili ndani ya kizimba kimoja ni vita, na mara nyingi vita hivyo havina damu: mmoja anaacha tu kula, anakaa tawi la chini, anakonda. Hata kuonana kutoka vizimba viwili ni mateso. Weka pazia kati yao.

Sasa, siku ya kwanza. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu msimpe jembe siku ya tatu. Wala ya kumi. Kazi yote ni ya mwenyeji, tena inafanyika kabla mgeni hajabisha hodi. Kizimba kiwe tayari siku kadhaa kabla: taa zinawaka na kuzima kwa saa zake, maji yanadondoka, na wewe unasoma kipimajoto asubuhi, mchana na usiku. Makosa yako uyagundue kizimba kikiwa kitupu.

Kwa kinyonga mkubwa wa Yemen au wa Madagaska fikiria sentimita 60 kwa 60, na kwenda juu sentimita 120. Watu huuliza upana; kinyonga anauliza kimo. Kuta za wavu zinampa hewa inayozunguka. Kipandishe kizimba juu ya meza au stuli imara, ili tawi lake la juu liwe juu ya macho yako. Mnajua kwa nini? Maadui wake wengi ni ndege, na ndege hushuka kutoka juu. Mkono wako unaoshuka kuelekea mgongo wake, kwake yeye ni mwewe. Haijui nia yako. Kwa hiyo siku ukilazimika kumchukua, mkono uje kutoka chini na mbele, utulie kama tawi, apande mwenyewe.

Na majani! Weka mimea hai iliyosongamana. Najua mnataka kumwona. Lakini kizimba ambacho unamwona muda wote ni kizimba ambacho hana pa kujificha, na mnyama asiye na pa kujificha halali fofofo hata siku moja. Usiku giza liwe giza, kwa muda wa saa kumi na mbili, bila taa ya rangi yoyote.

Mwingize, funga mlango, ondoka. Mdondoshee wadudu wachache, ondoka tena. Kinyonga mkubwa kutokula siku mbili tatu za mwanzo si msiba, ila mchanga msimwache akae hivyo muda mrefu. Nitawaambia kinachonitia wasiwasi kuliko tumbo tupu: maji.

Kijana mmoja alileta kinyonga wake nimtazame. Macho yalikuwa yamezama kama vishimo. Nikamuuliza, anakunywa? Akanijibu kwa uhakika kabisa: "Anakunywa sana, kila jioni najaza bakuli na kila jioni ya pili limepungua." Ndugu zangu, lile bakuli lilikuwa linapunguzwa na joto la taa! Kinyonga yule hakuwa amelitambua kama maji. Vinyonga hunywa matone, umande na mvua iliyokaa juu ya majani. Maji yaliyotulia kwenye bakuli wengi wao hawayaoni. Tulining'iniza chupa yenye tundu dogo, tone moja baada ya jingine juu ya jani. Alilitazama tone kwa jicho moja, akageuza la pili, macho yote mawili yakakutana hapo. Akatoa ulimi. Alikunywa mfululizo kwa muda mrefu, na yule kijana alikuwa analia.

Basi: matone yadondoke polepole kila siku, na upulizie majani asubuhi na jioni. Halafu acha yakauke. Unyevu upande usiku pamoja na ubaridi, ushuke mchana. Kizimba kinacholowa kutwa bila hewa huleta ukungu, na kifua cha kinyonga hakistahimili. Mkitaka kujua kama maji yanatosha, tazameni kinyesi: sehemu nyeupe ikiwa nyeupe, mmefanya vizuri. Ikiwa ya machungwa kote, amekauka.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo nina deni nalo, na ndipo nitakapokaa muda mrefu zaidi.

Kinyonga wangu wa pili alikuwa jike, naye wa Yemen. Tulimwita Subira. Kwake nilifuata kila kitu nilichokwisha kuwaambia. Alitulia, akakua, akanawiri. Zaidi ya mwaka ukapita. Asubuhi moja nikamwona anavuka kutoka tawi hadi tawi, mguu wa mbele ukakosa. Nikasema ameteleza. Siku mbili baadaye ukakosa tena. Kisha nikaona mikono yake ya mbele imepinda, kama upinde. Matege. Kinyonga wangu ana matege, na taa yake inawaka!

Ndiyo, inawaka. Hapo ndipo penye mtego. Mifupa inahitaji kalsiamu. Kalsiamu haiingii mwilini bila vitamini D3. Na D3 kinyonga huitengeneza mwenyewe ngozini akipigwa na mionzi ya UVB, kisha akipata joto la kutosha. Jua linatoa mionzi hiyo. Taa maalumu ya UVB inatoa pia, lakini mionzi huchoka kabla ya mwanga. Jicho langu na lako haliioni UVB. Tunaona chumba kinang'aa, tunasema taa nzima. Taa ya Subira ilikuwa imekufa miezi mingi huku ikiwaka. Na yeye alikuwa ametaga, na mayai huchota kalsiamu kutoka mifupani mwa mama.

Daktari wa wanyama alimpiga picha ya eksirei. Mifupa ilionekana hafifu kama moshi. Alitibiwa, akaishi, akapanda tena matawi, lakini mkono wa kushoto haukunyooka tena. Kila nilipomtazama, mkono ule ulikuwa unanikumbusha tarehe ambayo sikuiandika.

Andikeni tarehe. Chukueni kalamu ya wino usiofutika, muandike kwenye kishikio cha taa siku mliyoifunga. Kulingana na aina, taa ya UVB hubadilishwa kila baada ya miezi 6 hadi 12, iwe bado inawaka au la. Ile ndefu kama mrija hueneza mionzi vizuri kuliko kibalbu kidogo. Na msimweke kinyonga nyuma ya kioo cha dirisha mkasema anapata jua: kioo hupitisha mwanga na joto, lakini UVB karibu yote inabaki nje. Mkimtoa juani penyewe, awe kwenye kizimba cha wavu chenye kivuli na majani, kamwe si cha kioo, kwa sababu kioo juani hugeuka tanuri kwa dakika chache.

Joto nalo lina kipimo chake. Mkubwa wa Yemen au wa Madagaska anataka pa kuota penye nyuzi kama 29 hadi 32 za Selsiasi, na sehemu nyingine za kizimba ziwe baridi zaidi ili achague. Kinyonga mchanga, mpunguzie joto. Kinyonga wa pembe tatu, Trioceros jacksonii, ambaye asili yake ni milima ya Kenya na Tanzania, joto hilo linamchosha. Kwake nyuzi 27 zinatosha, na usiku wake uwe wa baridi ya milimani. Ndiyo maana nasema kwanza mjue mnyama wenu ni nani. Kuna aina zaidi ya 200 za vinyonga, na karibu nusu yake ziko Madagaska. "Kinyonga" peke yake si jibu.

Chakula nitakipita haraka. Nyenje, mende wa kufugwa, viwavi wa hariri, panzi: changanya. Mdudu asizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho ya kinyonga. Mlishe mdudu vizuri siku nzima kabla hajaliwa, mboga za majani na karoti, maana kinyonga anakula kilichomo tumboni mwa mdudu. Wadudu wengi wana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, kwa hiyo wapake unga wa kalsiamu isiyo na D3 karibu kila mlo. Wenye D3 na vitamini nyingine, kama mara mbili kwa mwezi. Zaidi ya hapo inaweza kuwa sumu. Vimulimuli msiwape hata kimoja, vinaua. Na usiku nyenje waliobaki watoeni, kwa sababu humng'ata kinyonga akiwa amelala.

Wenye majike, nisikilizeni. Jike wa Yemen au wa Madagaska hutaga hata kama hajawahi kuona dume. Kinyonga wa Yemen akilishwa kupita kiasi anaweza kubeba mayai mengi kuliko mwili wake unavyoweza kuhimili. Akikosa pa kuchimba, atayazuia mayai tumboni, na mayai hayo yatamuua. Muwekeeni ndoo ya mchanga wenye unyevu, kina cha sentimita 30 hivi, uwe mchanga ambao shimo lake haliporomoki. Siku atakapoanza kuchimba, funikeni kizimba kwa shuka na mtoke chumbani. Subira aliniona mara moja nikichungulia akiwa shimoni. Akaacha kuchimba, akapanda juu, na hakurudi hadi siku iliyofuata. Usiku ule sikulala.

Na mimi naulizwa kila mara: nitajuaje kwamba anaumwa? Hapa tuseme ukweli mchungu. Kinyonga huficha ugonjwa. Msituni anayeonekana dhaifu ndiye anayeliwa, kwa hiyo hujikaza mpaka nguvu zinamwishia. Siku unayomwona amelala chini ya kizimba, ugonjwa si wa siku hiyo. Kwa hiyo tazameni vidogo. Macho yamefumbwa mchana: hilo peke yake linatosha kupiga simu kwa daktari, msingoje kesho. Anainua kichwa juu na kufungua mdomo ilhali hayuko kwenye joto, au mna sauti ya kukwaruza anapopumua: kifua. Anarusha ulimi na kukosa. Anashika tawi kilegevu. Uvimbe kwenye fizi, kwenye kiungo. Mpimeni uzito kila wiki kwa mizani ya jikoni, huku mkimsogezea tawi apande mwenyewe. Namba inayoshuka wiki tatu mfululizo inasema kabla ya macho.

Daktari mtafuteni kabla hajaumwa, anayejua wanyama watambaao, kwa sababu si kila daktari wa wanyama anawajua. Ndani ya wiki chache za mwanzo mpelekeeni kinyesi kibichi apime minyoo. Hasa kama mnyama alitolewa porini. Na hapo nina ombi: kabla ya kumchukua, ulizeni alizaliwa wapi. Aliyekamatwa porini hufika na kiu, na minyoo, na hofu, na wengi hawamalizi mwaka. Biashara ya kimataifa ya vinyonga iko chini ya CITES, mkataba wa mataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa hiyo karatasi zake ziwepo. Chagueni aliyezaliwa kizimbani. Mtakuwa mmeokoa mwingine aliyeko juu ya mti wake.

Watoto, hili ni lenu: ukigusa kinyonga, au hata kizimba, osha mikono kwa sabuni. Anaweza kubeba vijidudu vya salmonela, vinavyoumiza tumbo la mtu, bila yeye kuumwa.

Nimekuja na daftari. Hili hapa. Nitawasomea kidogo, ni la Subira, siku zake za mwanzo.

"Siku ya 1. Amejificha nyuma ya jani. Kahawia. Nimetoka.

Siku ya 2. Sijamwona kabisa. Sikufungua.

Siku ya 4. Nyenje watatu hawapo. Sijamwona akila.

Siku ya 9. Nimekaa mbali, kwenye kiti, nasoma gazeti. Amekunywa nikiwa chumbani.

Siku ya 15. Amekula nikitazama. Mke wangu alikuwa mlangoni, akaweka kidole mdomoni, hatukusema kitu.

Siku ya 26. Niliingiza mkono kubadilisha mmea. Nikautuliza kidogo. Alitazama kwa jicho moja muda mrefu. Kisha akaja, hatua moja, akayumba, hatua nyingine, akapanda kidole changu. Kijani."

Siku ile hakuna aliyepiga makofi nyumbani kwangu.

Ahsanteni. Tuingie kwenye maswali, na aanze huyu mtoto wa mstari wa mbele, maana mkono wake uko juu tangu nilipotaja mende.